Kisogo cha Bibi Trewhella

Philomena Trewhella alizeeka akiwa na miaka kumi na tisa, tena kwa mchana mmoja. Kampuni ya maigizo ya Clarrie Wadham ilikuwa imepiga hema Charters Towers, kwa wachimba dhahabu, na mama aliyekuwa akiigiza vikongwe alikuwa hoi kitandani kwa homa. Philomena alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa. Kazi yake ilikuwa kuingia na sinia na kutoka na sinia. Wadham alimtazama kuanzia utosini hadi unyayoni, akasema pua anayo, mengine yatapakwa. Wakamwagia unga kichwani, wakamchora makunyanzi kwa masizi ya kizibo, wakamsukuma jukwaani. Wachimba dhahabu walicheka hadi wakapiga mabuti chini. Kesho yake yule kikongwe halisi alikuwa amepata nafuu ya ajabu, anauliza ni nani amevaa shali yake.

Hakuipata tena. Na kuanzia hapo Philomena hakuigiza msichana hata siku moja. Alikuwa mama mkwe, mjane mlevi, mwenye nyumba anayegonga mlango wa wapangaji, nyanya anayefichua siri pazia likikaribia kushuka. Wenzake wa rika lake walibusiwa jukwaani na vijana wenye masharubu. Yeye alibusiwa mkono, tena kwa heshima. Kampuni nzima ilimwita Bibi. Wadham mwenyewe, ambaye angeweza kumzaa, alimwita Bibi.

Lakini ile shali haikumtoka moyoni. Aliyeingia kwa dirishani hulala akilitazama dirisha, na Bibi alijua jinsi nafasi ya mtu inavyochukuliwa mchana kweupe huku mwenyewe akiwa kitandani. Kwa hiyo hakuugua. Alipoumwa jino alikwenda jukwaani nalo. Nguo zake za kazi, shali, kofia za ukili, wigi tatu za mvi na miwani isiyo na vioo, alizifungia kwenye tenga kubwa la matete, na juu ya kufuli akabandika unywele wake mmoja ili ajue kama kuna mtu amefungua. Wenzake walijua habari za unywele. Siku nyingine waliukata makusudi, waone atamshuku nani. Aliwashuku wote, kwa zamu.

Tabia hiyo aliinyonya kwa mama yake, dobi wa Moonta, mji wa wachimba shaba. Mama yule aliamini majirani wote wanamsema. Wakizungumza penye uzio, wanamsema yeye. Wakicheka, wanamcheka yeye. Alikufa akiwa hasalimiani na mtu barabara nzima. Sababu yake Bibi aliijua, ila aliisahau kwa muda mrefu kwa sababu ilimfaa kuisahau: mama yake alikuwa amezibika masikio yote mawili kabla hajafika miaka arobaini, na hakuwa anasikia wanachosema.

Sasa kuna wizi wa jukwaani ambao hauna polisi, na bila kuujua huo huwezi kuelewa yaliyotokea Goulburn. Mnasimama wawili mkizungumza mbele ya watu. Mwenzako anarudi nyuma kidogo, kama anayetafuta leso. Anarudi tena. Sasa yuko upande wa mbali na watazamaji, uso wake wote unawaelekea, na wewe ukitaka kumjibu inabidi umgeukie, watu wabaki kutazama kifundo cha nywele zako. Maneno ni yako, kicheko ni chake. Mzee mmoja aliyeigiza majaji alimfanyia Bibi hivyo msimu mzima wa baridi, kutoka Toowoomba hadi Rockhampton. Bibi alilia, akafuta machozi, akajifunza. Siku moja alilibana joho la yule jaji kwenye kiti kwa pini za nepi, na mheshimiwa aliporudi nyuma akarudi na kiti. Tangu hapo Bibi aliapa kwamba mtazamaji aliyelipa kiingilio hataona tena kisogo chake.

Sinema zilipokuja alizipenda mara moja. Sydney walikuwa wakipiga picha kwenye uwanja wa wazi, kitambaa chembamba kimetandwa juu kupunguza jua, na Bibi akawa mama wa shambani anayemkimbiza ng'ombe, mama wa shambani anayemkimbiza mchumba wa bintiye, mama wa shambani anayepiga magoti kando ya kitanda. Siku ya kwanza mwongozaji alimwambia afute rangi, kwa sababu kamera inaona masizi ni masizi. Bibi alifuta kwa hofu, akajitazama kwenye kioo. Makunyanzi yake mwenyewe yalikuwa yameshafika kazini bila kuitwa. Picha zile zilimpa jina. Kwenye tramu wanawake wasiomjua walimpisha kiti na kumuuliza hali ya ng'ombe, naye akawashuku kwamba wanataka tiketi za bure.

Aliipenda sinema kwa sababu nyingine ambayo hakumwambia mtu. Sinema za wakati ule zilikuwa bubu.

Kwa Bibi, sauti za wanaume ndizo zilizotangulia kupotea. Bibi alimlaumu Wadham kwamba siku hizi anatafuna maneno. Halafu zikapotea sauti za milango. Halafu ikaja siku, Tamworth, alipomwona mtu wa safu ya mbele amefunua kinywa chote na mabega yanamruka, na ilimchukua muda kutambua kwamba yule mtu anacheka, na kwamba kicheko chenyewe hakikumfikia. Ndipo akamkumbuka mama yake, penye uzio, na beseni lake la nguo. Usiku ule alilia kweli, si kwa kuigiza.

Hakusema. Mwigizaji asiyesikia hajui zamu yake ya kusema, na asiyejua zamu yake anafaa kuuza biskuti mlangoni. Akajifunza kusoma midomo. Alivaa viatu vya soli nyembamba ili mbao za jukwaa zimpelekee vicheko kwa nyayo. Alikariri maneno ya kila mtu, si yake tu, ili jicho likikosa herufi kumbukumbu iijazie. Akafaulu, hakuna aliyejua. Lakini kiziwi anayejificha ana kazi mbili, kuisoma midomo na kuishuku, na hiyo ya pili Bibi aliifanya kwa bidii ya kurithi. Watu wawili wakinyamaza anapoingia, machale yanamcheza. Wakiendelea kuongea anapoingia, basi ni kwamba hawamwogopi tena.

Kisha sinema zikaanza kusema, na katika mwaka huohuo kazi zikaisha nchi nzima. Kumbi zilizowapokea kila msimu zikafungwa au zikawekwa vipaza sauti. Wadham aliuza farasi, akauza lori moja, akabaki na hema na watu wachache. Ndipo habari ikaja kutoka Sydney kwamba mwongozaji mmoja, Rolfe Denholm, anataka kutengeneza sinema ya sauti ya lile igizo lao la nyanya anayekataa kuuza shamba, na kwamba atakuja Goulburn, wakati wa maonyesho ya kilimo, kulitazama na kuchagua nani amchukue na nani amwache. Nyanya alikuwa Bibi. Lilikuwa igizo lake kwa miaka. Alijua wazi: akichukuliwa atakula hadi kufa kwake, akiachwa, hema likianguka ataanguka nalo.

Na katikati ya hayo akaingia Nesta Corrie kuigiza mjukuu.

Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu kutoka Broken Hill, mrefu, mwenye mdomo mpana, si mrembo wa kutisha. Bibi alimkagua siku ya kwanza na hakuona ubaya. Siku ya pili aliuona. Walikuwa kwenye mazungumzo ya jikoni, pale nyanya na mjukuu wanapomenya viazi, na Nesta akarudi nyuma. Kidogo tu. Halafu akarudi tena, hadi karibu na kabati lililochorwa ukutani, akasimama pale uso wote mbele, anasema maneno yake polepole, kinywa wazi, kila neno limenyooka, na Bibi akajikuta amewapa watazamaji kisogo. Damu ilimchemka. Alikaa chonjo.

Kesho yake alihamisha kiti chake nyuma kabla ya pazia kufunguka. Nesta akahamia nyuma ya kiti. Bibi akamwomba seremala apigilie meza misumari mahali ambapo hakuna mtu atakayepita. Nesta akaizunguka, kama maji. Tena akazidisha: kabla ya kusema maneno yake alimgusa Bibi mkononi, kila mara, na Bibi alijua maana ya hilo. Jicho la mtazamaji hufuata mkono unaosogea. Mwizi mwenye adabu, huyu, anabisha hodi kabla ya kuiba.

Akaanza kumchunguza nje ya jukwaa. Alimkuta akiongea na Wadham kando ya lori, wakanyamaza. Alimkuta amesimama pembeni wakati si zamu yake, anamtazama yeye Bibi anavyofanya, macho hayabanduki. Unywele wa kufuli ulikatika. Inawezekana ulikatwa na panya. Goulburn panya wako tele. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, alisema Bibi, na nguo zake zilikuwa mle ndani. Alikumbuka shali ya yule mama wa Charters Towers. Denholm alikuwa anakuja keshokutwa.

Asubuhi, kampuni nzima ikiwa hemani na vikombe vya chai mikononi, Bibi alisimama mbele ya Wadham.

"Clarrie, ama zangu ama zake."

Wadham aliuliza zake nani. Bibi hakumtazama Nesta. Alimwonyesha kwa kidevu. Alieleza yote, meza, kiti, mkono, na waliokuwepo waliitikia kwa vichwa, kwa sababu wote walikuwa wameona. Katika kazi ile hakuna kosa lililo wazi zaidi ya hilo. Hata waliomchoka Bibi kwa habari za unywele wake walikuwa upande wake siku ile. Mtu haibiwi jukwaa mbele ya wenzake wakanyamaza.

"Una la kusema, binti?" Wadham akamuuliza Nesta.

Nesta aliweka kikombe chake chini. Kisha akasema, "Ni mazoea mabaya, bosi. Sina la kujitetea." Na alipokuwa akisema hivyo alimwelekezea uso Bibi, si Wadham aliyemuuliza, jambo ambalo Bibi alilichukua kuwa ufedhuli wa mwisho.

Wadham alimwachisha kazi palepale, akamwambia treni ya Sydney iko keshokutwa asubuhi. Nafasi yake akapewa Dulcie, mpwa wa Wadham, aliyekuwa akikata tiketi. Baadaye Nesta alikuja penye tenga, akasimama mbele ya Bibi akaanza kusema jambo. Bibi akainamisha macho, akatazama viatu vyake. Mtu asiyesikia akiinamisha macho amefunga mlango, na Nesta akaondoka na alichotaka kusema.

Dulcie alikuwa na adabu kuliko watu wote. Mjomba wake alikuwa amemlea kwa sheria za jukwaa, akajua mgeni hasimami juu ya mwenyeji. Kesho yake mchana hema lilijaa wakulima wenye matope hadi magotini, na Denholm alikaa safu ya tatu, kofia juu ya goti. Dulcie aliingia, akasogea mbele kabisa, karibu na taa, akampa Bibi jukwaa lote. Bibi alisikia raha. Uso wake wote ulikuwa kwa watu, hakuna wa kumgeukia, hakuna wa kumgusa mkono. Alianza vizuri. Alisikia kwa nyayo jinsi wakulima walivyopiga mabuti.

Kisha vikaja vile viazi. Mjukuu anamuuliza nyanya kama ni kweli barua za mchumba alizichoma yeye, na nyanya anajibu kwa neno ambalo miaka yote lilikuwa likiangusha watu vitini. Dulcie alikuwa ameelekea mbele, anaitazama hadhira, kama mtoto mwema anavyofunzwa. Bibi aliona sikio lake na nusu ya shavu. Shavu likasogea. Likatulia. Ni hapo? Bibi alijibu. Kumbe halikuwa hapo. Dulcie alikuwa amevuta pumzi tu, na neno lile kuu likatoka kabla ya swali lake, likaanguka chini kama yai.

Dulcie, kwa adabu, akauliza swali lake hata hivyo. Bibi hakujibu, kwa kuwa hakujua ameulizwa. Dulcie akarudia, bado ameelekea mbele. Wadham, aliyekuwa amejificha pembeni na maandishi ya igizo, akamnong'oneza Bibi maneno yake. Akamnong'oneza kwa nguvu zaidi. Akayasema. Mkulima mmoja wa mbele, kwa wema wake, akayarudia kwa sauti, na mkewe akaongeza, na mwisho hema zima la Goulburn lilikuwa linampigia kelele Bibi Trewhella maneno yake mwenyewe, na aliyekuwa hayasikii alikuwa peke yake mle ndani.

Aliona vinywa. Vilikuwa vingi mno, vyote vinasogea kwa pamoja, gizani. Akageuka. Hakukusudia, shingo iligeuka yenyewe, kutafuta mdomo mpana unaosema polepole kule nyuma penye kabati la kuchora. Hapakuwa na mtu, palikuwa na kabati. Hapo ndipo alipoelewa, kisogo chake kikiwa kwa watu waliolipa, na aibu iliyomshika haikuwa ya kusahau maneno.

Pazia lilishushwa. Bibi alitoka na shali ya nyanya mabegani, akavuka uwanja wa maonyesho katikati ya kondoo, hadi nyumba ya wapangaji alikofikia Nesta. Alimkuta jikoni, anakaanga mbavu za kondoo. Nesta aligeuka mzima mzima, akaupa uso mwanga wa dirisha kabla ya kusema lolote. Bibi aliona jinsi anavyofanya, na kwamba anafanya bila kufikiri.

"Ulijua lini?" Bibi aliuliza.

"Siku ya kwanza. Ulikuwa unanitazama kidevu."

"Nani alikufundisha?"

"Baba. Alikuwa mtu wa baruti mgodini, milipuko ikamla masikio. Kwetu ukimpa mtu kisogo huku unaongea unapigwa mwiko." Nesta alipunguza moto. "Jana nilikuja kukwambia Dulcie asisimame mbele yako. Ukanitazama viatu."

"Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Nimwambie nani? Clarrie? Angekutoa siku hiyohiyo. Nikwambie wewe?" Alicheka kidogo. "Bibi, wewe ukiambiwa mvua inanyesha unatoka nje kuhakikisha."

Bibi alikaa kwenye kiti cha jikoni. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Sijui nani aliwapa habari za Nesta. Alijua la kufanya na alilichukia. Nesta asingerudishwa bila sababu, na sababu ilikuwa moja tu, na Denholm alikuwa bado yupo hemani.

Walirudi pamoja. Wadham na Denholm walikuwa wamesimama penye lori, Denholm anakula pai ya nyama, Wadham anamweleza kwamba Bibi ana mafua. Bibi alimkatiza.

"Sina mafua, Clarrie. Sisikii. Ni muda sasa. Huyu alikuwa ananipa mdomo wake, mimi nikadhani ananiibia jukwaa. Mrudishe."

Wadham alivua kofia. Kisha akasema, "Kumbe miaka yote hii nilidhani unanidharau," na macho yakamjaa machozi, mzee wa watu. Denholm alimaliza pai yake. Alisema atabaki na kesho.

Kesho yake Nesta alikuwa penye kabati lake na Bibi aliwapa watu kisogo kwa hiari yake, mara ya kwanza katika maisha yake. Nacho hakikumwangusha. Kumbe kisogo nacho kinaweza kuigiza: kifundo cha nywele kilitikisika kwa hasira, mabega yakanuna, na neno la barua za mchumba lilipotoka, mbao zilitetemeka hadi akazisikia magotini. Wakulima waliwaita warudi mbele ya pazia tena na tena. Bibi alimshika Nesta mkono na hakuuachia.

Denholm alikuja nyuma ya jukwaa, akazungumza na Bibi akimtazama usoni, kwa heshima. Alisema amecheka kuliko alivyocheka mwaka mzima. Lakini chombo cha kunasa sauti hakina huruma. Sauti ya Bibi inapaa bila mwenyewe kujua, na watu wake wa mitambo hawatasubiri. Nyanya atamtafuta Sydney. Binti, hata hivyo, anamchukua.

"Uso wake niliuona mwanzo hadi mwisho," alisema. "Wako, nisamehe Bibi, niliona nywele."

Basi hapo ndipo shaka ya Moonta iliporudi na mizigo yake yote. Bibi alikaa mezani jioni ile, mbavu za kondoo zikapoa na mafuta yakaganda sahanini. Alikuwa amemwamini mtu mmoja, kwa siku moja, na siku hiyo moja ilitosha: mwenzake amechukua sinema, yeye amebaki na hema, na siri yake inajulikana hadi kwa wauza biskuti. Kama Nesta angekuwa mwizi, angefanya nini tofauti? Angesimama palepale. Angesema polepole vilevile. Angemgusa mkono uleule. Bibi aligeuza mambo huku na huku na kila alipoyageuza yalikuwa na sura mbili, na zote mbili zilikuwa zinamtazama.

Asubuhi alikwenda stesheni. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, yale mabovu na mazima. Nesta alikuwa amesimama na sanduku lake, na alipomwona Bibi akageuka kuuelekeza uso kwenye mwanga. Bibi hakumsalimu.

"Nijibu nikikuona mdomo. Ulikuwa unanisaidia au ulikuwa unaniibia?"

Nesta alitazama reli. Kisha, kwa kuwa alikumbuka, akarudisha uso.

"Vyote viwili, Bibi. Wiki ya kwanza nilikuwa nakusaidia. Halafu nikaona ile taa ya kule nyuma ni tamu."

Bibi alimkodolea macho. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Tangu Charters Towers alikuwa amewashuku watu wote, na wote walikuwa wameapa kwamba ni wasafi, na kila kiapo kilimwongezea shaka. Huyu hakuapa. Huyu alikuwa amesimama stesheni na sanduku, amekiri wizi bila kubanwa, kwa maneno yaliyonyooka, uso kwenye mwanga ili kiziwi asikose hata moja. Bibi alianza kucheka. Alicheka kwa sauti ambayo hakuweza kuipima, hadi mkuu wa stesheni akatoka nje kutazama.

"Sasa wewe," alisema akifuta macho, "nakuamini."

Akaivua shali mabegani, ile ya Charters Towers, akamvisha. Haikuwa zawadi, alimwambia, wala haikuwa ya kukinga baridi, maana baridi ya Sydney si kitu. Ilikuwa ni shali ya watu, naye aliipata hivyohivyo, kwa kuchukua nafasi ya mwingine.

Dulcie alifundishwa kusimama nyuma, naye kwa adabu yake ilimwuma sana. Kampuni ilisukuma siku kwa hema lile miaka mingine kadhaa. Bibi Trewhella aliwapa kisogo watu wa Dubbo, wa Wagga, wa Bourke, na wakaja kukizoea na kukisubiri, hata watoto wakawa wanakiiga shuleni. Unywele wa kufuli aliendelea kuubandika. Mtu habadiliki wote kwa siku moja, hata akiwa mwigizaji.

Sinema ile ilifika Goulburn wakati wao wakiwa hukohuko. Bibi alikwenda mchana, akakaa mbele. Hakutarajia kuambulia kitu, maana sinema za sauti zilikuwa zimemtupa: wanaume wenye masharubu, watu wanaoongea huku wakitazama dirishani. Nyanya alikuwa mwanamke mashuhuri kutoka majukwaa ya Melbourne, mwenye wigi ya bei. Nesta akaingia na bakuli la viazi. Akarudi nyuma kidogo. Akarudi tena. Akasimama penye kabati, kabati la kweli safari hii, uso wote mbele, mdomo wazi, na mwanzo hadi mwisho Bibi hakupitwa na neno lake hata moja. Alifanya hivyo kwa ajili ya nani, Bibi alijua jibu, na jibu lilikuwa lilelile la stesheni.

Alimtazama yule nyanya mashuhuri wa Melbourne, ambaye tangu vile viazi hakuwa na uso.

"Maskini," Bibi alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani, na safu tatu zikageuka kumtazama. "Mwoneni nywele zake."